Hati za Vyama vya Watungaji wa Muziki na Utunzaji Wake

Wahenga walisema ya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huu hutumika sana madukani, na mwenye duka ndiye mwepesi wa kuufahamu; lakini ukiupima vema utaona kuwa hauhusu fedha na bidhaa peke yake. Iko mali nyingine, isiyopimwa kwa ratili wala kuhesabiwa kwa shilingi, nayo ni kazi ya akili ya binadamu. Mali hiyo nayo ina madaftari yake. Madaftari hayo yakipotea, kwanza hupotea habari ya mali, na baada ya habari hupotea mali yenyewe. Katika makala haya nataka kuonyesha jambo hilo kwa mfano wa hati za vyama vilivyoundwa kuwasaidia watungaji wa muziki wa okestra na wa vyombo vichache, watungaji wa karne iliyopita na hii yetu, hasa vyama vya mji wa New York katika Marekani. Nitajaribu kuthibitisha kuwa karatasi zionekanazo duni katika ofisi za vyama hivyo, yaani barua, hesabu na kumbukumbu za mikutano, hazipungui thamani mbele ya nota zenyewe. Na ya kuwa anayehifadhi nota akazitupa barua amehifadhi nusu tu ya kitu alichodhani amekihifadhi chote.

Yafaa kwanza nieleze kwa nini muziki wa namna hii hupotea upesi kuliko vitabu. Kitabu kikichapishwa, nakala zake hutawanyika; moja ikiungua Mombasa, nyingine imo kabatini Tabora. Tena kitabu humtaka msomaji mmoja tu, mwenye macho na taa. Muziki ulioandikwa kwa nota ni kama ramani ya nyumba: ramani haimkingi mtu na mvua mpaka wapatikane waashi. Kazi ya okestra huhitaji wapigaji sitini au themanini, ukumbi, kiongozi, na siku kadhaa za mazoezi. Kwa sababu hiyo wachapishaji wengi hawakuona faida ya kuzichapisha kazi za watungaji wapya, maana gharama ni kubwa na wanunuzi ni wachache. Kazi hizo zikabaki kwa mkono wa mtungaji, aghalabu nakala moja au mbili, ndani ya sanduku lake, nyumbani kwake. Mtungaji akifa, nyumba huuzwa au kupangishwa, na warithi wasiojua kusoma nota huziona karatasi zile kuwa takataka kama takataka nyingine.

Haja hiyo ndiyo iliyozaa vyama. Dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929 iliwaacha wanamuziki wengi wa Marekani bila kazi, na mwaka 1935 serikali ya nchi hiyo ikaanzisha mradi wa kuwaajiri. Ndani ya mradi huo, katika mji wa New York, Ashley Pettis alianzisha baraza lililoitwa Composers' Forum-Laboratory. Taratibu yake ilikuwa ya namna ya pekee. Jioni moja hupigwa kazi za mtungaji mmoja au wawili. Zikiisha, wasikilizaji huandika maswali yao, na mtungaji husimama mbele yao akayajibu. Wa kwanza kusimama alikuwa Roy Harris, mwezi wa Oktoba mwaka 1935. Jambo lililo kubwa kwetu ni kwamba maswali na majibu hayo yalinukuliwa, na kwa kuwa mradi ulikuwa wa serikali, nakala zake zikaingia katika hifadhi ya nyaraka za taifa la Marekani. Basi leo mwanachuoni aweza kusoma sio tu jina la kazi iliyopigwa jioni fulani, bali na mashaka, dhihaka na sifa za watu waliokuwa wamekaa vitini. Ni mara chache sana historia ya sanaa hubahatika kupata ushahidi wa namna hii, maana aghalabu husalia maneno ya wahakiki wa magazeti, na raia wa kawaida huondoka ukumbini na maoni yake yakaondoka naye.

Mwaka 1937 watungaji wenyewe waliunda chama chao, American Composers Alliance. Miongoni mwa waliokianzisha walikuwamo Aaron Copland, aliyekuwa rais wake wa kwanza, Virgil Thomson, Wallingford Riegger na Marion Bauer. Haja yao kubwa ilikuwa ya riziki. Sheria ilikwisha kukubali kuwa kila mara kazi ya mtu ipigwapo hadharani au redioni, mtungaji astahili ada. Lakini utaratibu wa kukusanya ada hizo ulikuwa umezoea nyimbo za dansi na za michezo ya kuigiza, ambazo hupigwa kila usiku, wala haukumjali sana mtu ambaye kazi yake ya nusu saa hupigwa mara mbili kwa mwaka. Miaka miwili baadaye, mwaka 1939, kikaundwa chombo cha pili, American Music Center, nacho kikaanzishwa na Bauer na Copland hao hao pamoja na Howard Hanson, Harrison Kerr, Otto Luening na Quincy Porter. Kazi yake ilikuwa kueneza habari za muziki wa Marekani na kukusanya nota, ili kiongozi wa okestra popote alipo apate mahali pa kuuliza na kujibiwa.

Msomaji na atazame jinsi riziki ilivyozaa historia bila ya mtu kukusudia. Ili ada ikusanywe, hapana budi ijulikane ni kazi gani iliyopigwa, siku gani, wapi, na nani. Basi ofisi ikawa ikiandika. Karani aliyeyajaza madaftari hayo hakuwa mwanahistoria, wala hakudhani kuwa anaandika kwa ajili yetu. Alikuwa akiandika ili mtungaji apate dola chache. Lakini leo daftari lake latuambia kitu ambacho kitabu cha sifa hakitatuambia: kazi ipi ilipigwa kweli, na ipi ilisifiwa tu. Kadhalika programu za maonyesho zilikusanywa kama ushahidi wa madai, na sasa ni ushahidi wa maisha ya muziki katika miji ambayo haikuwa na gazeti la kuyaandika.

Mwaka 1952 chama cha Alliance kilianza mpango uliopunguza tatizo la uchapaji. Mtungaji aliandika nota zake kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba ipitishayo nuru. Karatasi hiyo mama iliwekwa ofisini. Mtu akiagiza nakala, ililazwa juu ya karatasi nyingine iliyopakwa dawa, ikapigwa na mwanga mkali, kisha nakala ikapitishwa katika mvuke wa amonia mpaka mistari ikajitokeza. Hapakuwa na haja ya kuchapa nakala mia tano na kuzirundika stoo. Ilitolewa moja kwa kila aliyeitaka. Mwaka 1954 Otto Luening, Douglas Moore na Oliver Daniel walianzisha kampuni ya santuri, Composers Recordings, kwa shabaha iyo hiyo: kazi isiyo na soko kubwa nayo ipate kusikika. Kwa njia hiyo ofisi za New York zikawa ghala la vitu vya namna tatu, yaani karatasi mama za nota, tepu za sauti, na makaratasi ya uendeshaji.

Kila namna ina adui wake. Wahenga wasema akiba haiozi, lakini walisema hayo kwa maana ya busara ya mwenye kuweka. Akiba ya karatasi yaoza kama haikutunzwa. Karatasi nyingi za katikati ya karne ya 20 zilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake mna asidi inayozila polepole mpaka zikawa manjano na kukatika zikunjwapo. Nakala zilizotolewa kwa amonia hufifia zikiachwa katika mwanga, na baadhi yake hugeuka rangi ya hudhurungi hata mistari isisomeke. Hivyo mtu mwenye nakala iliyofifia hawezi kupata nyingine iliyo safi isipokuwa karatasi mama ingaliko. Karatasi mama ikipotea, njia imekatika.

Tepu za sauti ni dhaifu zaidi. Zile za zamani, zilizotengenezwa kwa asetati, huanza kuoza kwa kutoa harufu kama ya siki, na harufu hiyo ni dalili ya kuwa utepe unajikunja na kukauka. Nyingi za miaka ya 1970 zina ugonjwa mwingine: gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu wa hewa ikawa ulimbo, na tepu ikizungushwa hung'ang'ania mashine na kuacha sauti yake juu ya vyuma. Mafundi huzitia katika joto la kadiri kwa saa nyingi ili zikauke, kisha huzipiga na kuzinakili kabla hazijarudia hali yake. Hasara ya tepu si hasara ya nakala tu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1952 Luening na mwenziwe Vladimir Ussachevsky walionyesha katika jumba la sanaa za kisasa la New York muziki uliotungwa juu ya tepu yenyewe; na kazi za namna hiyo aghalabu hazina nota za kuwapa wapigaji wengine. Hapo tepu si picha ya kazi, ndiyo kazi.

Mfano mmoja wa jambo hili watoka katika bara letu. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, Mmisri, alichukua katika mji wa Cairo mashine iliyonasa sauti juu ya waya, akazinasa sauti za zari, ambayo ni ngoma ya kupunga mashetani, isiyo mbali sana na zile zijulikanazo pwani yetu. Kisha akazigeuza sauti hizo studioni zikawa utungo mpya. Baadaye alifanya kazi New York katika kituo cha muziki wa umeme cha akina Luening na Ussachevsky. Katika utungo ule wa Cairo, uliotangulia majaribio mengi ya Ulaya yenye sifa, kinachosikilizwa leo ni kipande cha dakika chache tu. Kipande hicho kimetosha kubadili mpangilio wa tarehe za historia ya muziki wa umeme. Kisingekuwapo, tungebaki na maneno, na maneno peke yake yangepingwa.

Lakini maadui wa asili si wakali kama mambo ya wanadamu wenyewe. Chama hupanga vyumba, na kodi hupanda. Chama huhama, na katika kuhama masanduku mazito ndiyo yanayolalamikiwa. Chama huungana na chama kingine, na ofisi mpya haina nafasi ya kabati mbili. Kampuni ya Composers Recordings ilifungwa mwaka 2003 baada ya karibu miaka 50. Santuri zake zingeweza kutawanyika, lakini zikapokewa na kampuni nyingine isiyofanya biashara ya faida, New World Records, inayoendelea kuzitoa. American Music Center iliungana mwaka 2011 na shirika la Meet the Composer, lililoanzishwa mwaka 1974, na vyote viwili vikawa New Music USA. Hata hivyo mkusanyo wake mkubwa wa nota ulikuwa umekwisha kupelekwa kabla ya hapo katika maktaba ya umma ya New York, tawi la sanaa za maonyesho. Alliance ingali hai, na hati zake nyingi zimewekwa katika Chuo Kikuu cha Maryland.

Mambo hayo hayakutokea Marekani tu. London kilianzishwa mwaka 1967 kituo cha habari za muziki wa Uingereza, ambako mtu aliweza kuingia akasoma nota za watungaji wasiochapishwa na kusikiliza kanda zao. Mwaka 2008 kituo hicho kiliunganishwa na vyama vingine, kimojawapo kikiwa kile cha kuendeleza muziki mpya kilichoanza mwaka 1943 katikati ya vita. Shirika lililozaliwa halikuwa na haja ya kuwa maktaba, na mkusanyo ukahamia Chuo Kikuu cha Huddersfield, kaskazini ya Uingereza. Hapo pana jambo la kuzingatia. Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na ni kweli kuwa kufa kwa chama si kufa kwa kazi yake; lakini ni kweli pale tu ambapo mtu aliokota koleo lile akalipeleka kwa mhunzi mwingine. Mikusanyo iliyookoka ni ile iliyotafutiwa mahali wenye ofisi wangali na ufunguo mkononi.

Hapa ndipo ubishi unapoanza. Wasimamizi wa maktaba hawana nafasi isiyo na mwisho, na kila sanduku lina gharama ya rafu, ya hewa kavu, na ya mtu wa kuandika orodha. Si ajabu basi kuwasikia watu wenye akili wakisema: tuchukue nota, maana ndizo sanaa, na makaratasi ya ofisi tuyaache. Hoja hii si ya kijinga, wala haifai kudharauliwa. Stakabadhi za mkaa na za stempu, na nakala kumi za tangazo moja, hazina haja ya kuishi milele. Lakini hoja ikipelekwa mbali yavunja kile inachotaka kukiokoa, na ushahidi wangu ni maisha ya mwanamke mmoja.

Johanna Beyer alizaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1888, akahamia Marekani mwaka 1923. Alijifunza kwa Ruth Crawford, Charles Seeger na Henry Cowell, na tangu mwaka 1931 hivi alitunga kazi zaidi ya 50: za vinanda vinne vya nyuzi, za zumari, za sauti za watu, na za ngoma na vyombo vya kugongwa. Kazi yake moja tu ndiyo iliyochapishwa katika uhai wake, mwaka 1936, katika mfululizo wa nota uliosimamiwa na Cowell. Mwaka 1938 alitunga kazi ya vyombo vya umeme, wakati vyombo hivyo vilikuwa vichache hata katika miji mikubwa. Kazi zake zilipigwa katika Composers' Forum-Laboratory mwaka 1936 na mwaka 1937. Alikufa mwaka 1944 baada ya ugonjwa mrefu uliomdhoofisha viungo. Jina lake likazama kwa miaka zaidi ya thelathini.

Nota zake hazikupotea. Zilifika katika maktaba ya umma ya New York. Tungekuwa na nota tu, tungemjuaje Beyer? Tungesema: huyu ni mwanafunzi wa Cowell, alitunga vitu vifupi vya ajabu, hakuendelea. Barua ndizo zilizosema vingine. Cowell alipokuwa kifungoni California, toka mwaka 1936 mpaka mwaka 1940, Beyer ndiye aliyekuwa mkono wake huku nje: aliwaandikia viongozi wa okestra, alitafuta nafasi za kuzipiga kazi za Cowell, alishughulika na madai na makaratasi, bila mshahara. Saa alizozitumia kwa jina la mtu mwingine hazikutumika kwa jina lake. Jambo hilo halimo katika nota hata moja. Limo katika barua zilizotunzwa katika majalada ya Cowell, majalada ya mtu aliyekuwa mashuhuri, na kwa hiyo hayakutupwa.

Na tuyatazame tena maswali ya jioni zile za New York. Watungaji wanawake walioketi mbele ya watu waliulizwa mambo ambayo hakuna mwanamume aliyeulizwa: kama kazi yao ni ya kike, kama mwanamke aweza kutunga kwa nguvu, kwa nini muziki wao hauna upole unaotazamiwa kwa jinsi yao. Mtu aliyetaka kuyapamba maisha ya baraza lile angaliyaondoa maswali hayo, akabakiza majibu ya hekima na orodha ya kazi. Karani hakupamba. Alinukuu alichopewa, na aibu ya wasikilizaji wale ikawa elimu kwetu. Sasa twaelewa ni upepo gani uliokuwa ukivuma wakati mwanamke kama Beyer alipochukua kalamu. Na kunyamazishwa kwake baada ya kufa hakuonekani tena kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja.

Nota na barua zilipokutana, kazi ilianza. Mwaka 1988, alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, wapigaji wa New York walifanya maonyesho ya kazi zake. Katika miaka iliyofuata watungaji waliosoma hati zake walianza kuzinakili na kuzitoa zikiwa zimesahihishwa. Na mwaka 2008 New World Records ikatoa mkusanyo wa kazi zake ulioimbwa na kupigwa na wanamuziki wa Melbourne, Australia. Tangu kifo chake ilikuwa imepita miaka 64. Katika muda wote huo hapakuwa na mtu aliyemwokoa Beyer kwa tendo moja kubwa. Waliomwokoa ni watu wengi waliokataa kutupa sanduku.

Tukitaka kuona upande wa pili, yaani habari ya kazi isiyokuwa na ofisi ya kuitunza, tumtazame Florence Price, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Little Rock mwaka 1887. Mwaka 1933 okestra kubwa ya Chicago, chini ya Frederick Stock, ilipiga simfoni yake ya kwanza. Hapakuwa kabla yake mwanamke mweusi wa Marekani aliyepata jambo hilo kwa okestra ya daraja ile. Price alikufa mwaka 1953. Mwaka 2009 watu walionunua nyumba iliyoachwa ukiwa katika mji mdogo wa St. Anne, Illinois, nyumba aliyokuwa akikaa nyakati za joto, walikuta humo marundo ya karatasi zenye jina lake, na baina yake zimo konseto mbili za fidla na simfoni ya nne. Paa lilikuwa limeharibika na mvua ikiingia. Karatasi zile zilinusurika kwa kuwa zilikuwa pahali pakavu pa nyumba, na kwa kuwa walioziokota waliuliza kabla ya kuchoma. Sasa zimo Chuo Kikuu cha Arkansas. Bahati ya namna hiyo haifai kuwa utaratibu.

Tena hapa hapa barua inatoa ushahidi. Mwaka 1943 Price alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, akiomba kazi zake zitazamwe, na akataja wazi vikwazo viwili vilivyomzuia, jinsi yake na rangi yake. Koussevitzky hakupata kuzipiga kazi hizo. Barua hiyo ilibaki miongoni mwa karatasi za kiongozi huyo, katika ofisi iliyoipokea. Ndiyo maana nasema kuwa hati ya maombi yaliyokataliwa yafaa itunzwe kwa uangalifu kuliko hati ya maombi yaliyokubaliwa. Aliyekubaliwa ana ushahidi mwingi, ana programu, ana gazeti, ana santuri. Aliyekataliwa ana barua moja tu, nayo imo mikononi mwa yule aliyemkataa. Chama kikisafisha kabati lake kwa kuyatupa maombi yaliyoshindwa, kimefuta kabisa alama ya watu hao. Tena kimejifuta doa ambalo kilistahili kulijibia.

Wataalamu wa nyaraka wana kanuni iliyowekwa Ufaransa mwaka 1841, nayo yasema kuwa karatasi zilizotoka katika mwili mmoja, yaani ofisi moja au mtu mmoja, zisichanganywe na za mwingine. Pamoja nayo imefungwa kanuni ya pili, kwamba mpangilio ambao ofisi yenyewe iliutumia uheshimiwe. Kwa mtu asiyezoea, kanuni hizi zaonekana kuwa ukaidi: kwa nini tusizipange nota zote kwa majina ya watungaji, barua zote kwa tarehe, picha zote kwa ukubwa? Jibu ni kwamba jalada ni mazungumzo. Barua ya mtungaji, jibu la katibu, muhtasari wa kikao kilicholijadili ombi, hundi iliyotolewa, na programu ya jioni ya onyesho, vikikaa pamoja husimulia jambo moja tangu mwanzo hata mwisho. Ukivitawanya rafuni kwa uzuri, kila kimoja hubaki bubu.

Lipo tena suala la haki. Mwenye karatasi si lazima awe mwenye utungo. Maktaba yaweza kumiliki sanduku, na bado haina ruhusa ya kunakili nota zilizomo, kwa maana haki ya utungo ni ya mtungaji au warithi wake kwa miaka mingi baada ya kifo chake. Vyama vilivyofanya mapatano ya wazi na watungaji wao wangali hai vimewarahisishia kazi wote waliokuja nyuma. Vilivyopokea nota kwa neno la mdomo vimeacha masanduku ambayo hapana athubutuye kuyafungua kwa umma, kwa kuwa mrithi hajulikani. Katika zama hizi, ambapo karatasi yaweza kupigwa picha na kusomwa kwa kompyuta pande zote za dunia, kizuizi hicho chatesa kuliko umbali. Wala isidhaniwe kuwa picha za kompyuta zimemaliza shida. Mafaili nayo yataka mashine ya kuyasoma, na mashine hubadilika kila baada ya miaka michache. Watungaji wa leo waandikao nota zao kwa kompyuta waweza kuacha urithi usiofunguka mapema kuliko ule wa wino. Karatasi hustahimili kusahauliwa kwa muda, faili halistahimili.

Wasomaji wa Kiswahili hawana sababu ya kuyaona mambo haya kuwa ya mbali. Hati za tenzi zetu, zilizoandikwa kwa harufi za Kiarabu na kuwekwa vyumbani mwa watu kutoka Lamu mpaka Kilwa, zilikuwa katika hatari ile ile ya nchwa, ya mvua, na ya mrithi asiyejua kusoma. Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alizunguka pwani akizitafuta na kuzinakili, na orodha ya hati na kanda zilizokusanywa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapishwa mwaka 1970. Tunaushukuru mkusanyo ule kwa sababu ya tungo zilizomo. Lakini anayeusoma kwa makini hutafuta na mengine: nani alinakili, kwa ajili ya nani, hati ilitoka nyumba ipi, na iliimbwa wakati gani. Habari hizo zilipoandikwa, utungo una ukoo wake. Zisipoandikwa, utungo ni yatima, hata ukiwa na beti zake zote.

Basi hoja yangu ni hii. Chama cha watungaji, au cha washairi, au cha sanaa yoyote, kisingoje kufa ndipo kitafute maktaba. Tangu siku ya kwanza na kitenge kabati, kiandike tarehe juu ya kila barua, kiweke jibu pamoja na ombi, kipatane na kila mtungaji juu ya haki ya nakala, na kiseme katika katiba yake hati zitakwenda wapi siku chama kikivunjika. Kazi hizo hazina sifa, wala hapana apigiwaye makofi kwa kupanga majalada. Lakini yule karani wa New York aliyenukuu maswali ya dharau bila kuyapunguza, na yule aliyeacha sanduku la Beyer mahali pake, wametufanyia haki ambayo wasikilizaji wa zama zao walikataa kuifanya.